Umelinganisha na Nini? Hotuba Kuhusu Jeni za Artemisia, Kimelea cha Malaria na Damu ya Mgonjwa

Waheshimiwa walimu, ndugu wataalamu wa maabara, wafamasia, waganga wa tiba asili mliotuheshimu kwa kufika, nanyi vijana wa shahada za uzamili mliojaza viti vya nyuma: itifaki imezingatiwa.

Tumeombwa tuzungumzie udhihirisho wa jeni katika mimea dawa na katika maradhi ya binadamu. Hilo ni pori kubwa, tukilifyeka lote tutalala humu. Tutachukua mmea mmoja, artemisia, na ugonjwa mmoja, malaria. Hapo tunaweza kuifuata kazi ya jeni kutoka kwenye jani, tukaingia kwenye kimelea, tukatokea kwenye damu ya mgonjwa. Kila kituo kina kosa lake linalopendwa, na kila tukifika tutauliza swali moja tu: umelinganisha na nini?

Tukubaliane kwanza tunapima nini. Seli ya mzizi wa artemisia na seli ya jani lake zina jeni zile zile. Kinachozitofautisha ni jeni zipi zinanakiliwa kuwa RNA mjumbe, kwa wingi gani, saa hii unapotazama. Mashine inahesabu nakala hizo. Dawa yenyewe haiioni, wala kimeng'enya kinachoitengeneza. Fundi anaweza kuwa na ramani kumi mezani na asijenge hata choo. Nakala ni ramani. Na hesabu ya nakala peke yake haina maana yoyote mpaka uiweke kando ya hesabu nyingine, ndiyo sababu ya swali letu.

Sasa mmea. Artemisia annua wengi huuita pakanga, ingawa jina hilo hubebwa pia na jamaa yake Artemisia afra aliyezoeleka milimani kwetu. Wachanganyao hizo mbili wanaanza na kosa ambalo hakuna mashine italisahihisha, maana afra haina artemisinini, kiini cha dawa ya malaria, ya kutajika. Kwa hiyo kabla ya chochote, tawi moja lenye maua likaushwe, libandikwe, lipelekwe kwenye hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, likiwa na nambari, tarehe na mahali. Vibali navyo vitangulie. Tumalize hapo suala la makaratasi.

Jenomu ya annua, yaani maandishi yake yote ya DNA, ilichapishwa mwaka 2018: herufi bilioni 1.74 hivi, na jeni zaidi ya 63,000. Katika msitu huo wote, sisi tunafuatilia jeni nne. ADS inachukua molekuli iitwayo farnesili difosfeti na kuikunja kuwa amorfadieni. CYP71AV1 inaipachika oksijeni, ikawa alkoholi, kisha aldehidi. Hapo ndipo barabara inapogawanyika. DBR2 ikiiwahi aldehidi hiyo, na ALDH1 ikamalizia, unapata asidi ya dihidroartemisini. Hiyo hugeuka artemisinini kwa mwanga na oksijeni, bila kuhitaji kimeng'enya. DBR2 ikizubaa, CYP71AV1 inaendelea na kazi na kuitoa asidi ya artemisini, ambayo ndani ya mmea huishia kuwa arteannuini B, isiyotufaa kwa malaria. Kiwandani mambo ni mengine. Mwaka 2013 watafiti walitangaza hamira iliyopandikizwa baadhi ya jeni hizi ikitoa gramu 25 za asidi ya artemisini kwa kila lita, na wakemia wakaigeuza wenyewe kuwa artemisinini. Shambani hakuna mkemia, asidi hiyo ni hasara.

Kwa hiyo unaweza kuwa na miche miwili inayofanana kama mapacha, harufu moja, urefu mmoja, na mmoja una artemisinini mara kumi ya mwenzake. Ukipima ADS peke yake huenda usione tofauti yoyote. Tofauti iko kwenye uwiano wa CYP71AV1 na DBR2. Anayetaka kuchagua mbegu kwa kutumia jeni apime uwiano huo.

Jeni hizi haziwaki jani zima. Artemisinini hutengenezwa kwenye vinyweleo vyenye tezi, vijipochi vidogo vya seli kumi vilivyosimama juu ya ngozi ya jani, na ADS na CYP71AV1 zimeonekana zikifanya kazi hasa kwenye seli mbili za kileleni. Fikirini maana yake: ukisaga jani zima, unachukua sauti ya seli mbili na kuichanganya na kelele za maelfu ya seli za kijani zinazojishughulisha na usanisinuru. Jani changa limesongamana vinyweleo. Jani kuukuu limetanuka, vinyweleo vimetawanyika, vingine vimepasuka. Mtafiti analinganisha mche uliopigwa mbolea, uliochipua majani mapya mengi, na mche uliodumaa wenye majani makuukuu, kisha anaandika kwamba mbolea imewasha ADS mara nane. Mbolea imeleta majani machanga, basi. Hesabu majani kutoka kileleni, chukua la tatu kwa kila mche, na uhesabu vinyweleo kwa darubini kwenye eneo la milimita moja ya mraba. Kazi ya nusu saa inaokoa mwaka.

Shambani kuna mtego mwingine. Ukikata jani, mmea unajua umejeruhiwa. Homoni ya jasmoniki hupanda, na hiyo hiyo ndiyo inayoamsha vidhibiti kama MYC2 na ORA, ambavyo huwasha ADS na wenzake. Kitendo cha kuchukua sampuli kinakibadilisha kitu unachotaka kukipima. Jani lililokatwa, likatiwa kwenye mfuko wa plastiki, likapanda bodaboda kwa saa mbili hadi maabara, litakusimulia habari za safari yake.

Jani liingie kwenye naitrojeni kimiminika ndani ya sekunde chache baada ya kukatwa. Mirija ya mililita 2 itobolewe kifuniko kwa sindano, la sivyo naitrojeni iliyonaswa ndani itaigeuza kuwa fataki. Sampuli zote zichukuliwe kati ya saa nne na saa tano asubuhi, kwa sababu jeni nyingi za mimea zina saa yake ya siku na mwanga unazigusa jeni hizi tunazozitafuta. Wala usimalize miche yote ya kundi la majaribio asubuhi, ukawarudia wa kulinganishia mchana. Mchukue mmoja huku, mmoja kule, kwa zamu. Kama naitrojeni haipatikani, myeyusho wa amonia salfeti iliyokolea utakusaidia, ila jani liwe limekatwakatwa vipande visivyozidi nusu sentimita. Juu ya jani kuna nta na mafuta, na myeyusho huingia polepole.

Tunaoishi karibu na ikweta tuna tabu ya ziada. Artemisia annua huchanua siku zinapokuwa fupi, na kwetu mchana ni saa kumi na mbili mwaka mzima. Mbegu nyingi za kutoka kaskazini zikipandwa hapa huharakia kuchanua zikiwa fupi na zenye majani haba. Ndiyo maana wakulima wa nyanda za juu za Tanzania, Kenya na Uganda hutegemea mbegu chotara zinazochelewa kuchanua. Ukilinganisha mbegu mbili ambazo moja imeshaanza kutoa maua na nyingine bado, unalinganisha umri.

Tuingie maabara, na hapa tutakaa, maana hapa ndipo wengi wanapolia. Majani ya artemisia yana fenoli nyingi na sukari ndefu. Vifurushi vya kawaida vya kutolea RNA, ambavyo kwa majani ya mpunga vinafanya kazi bila malalamiko, hapa vinaziba kichujio au vinatoa kitu chenye rangi ya chai. Miligramu 100 za jani zinatosha. Saga kwa mchi kwenye kinu cha kauri kilichopozwa kwa naitrojeni, ukiongeza naitrojeni kila inapokaribia kukauka, hadi upate unga laini kama poda ya mtoto. Utazame unga huo. Ukiwa wa kijani kilichopauka na unateleza, uko salama. Ukianza kukolea rangi na kushikana kwenye kuta za kinu, umeyeyuka, na vimeng'enya vya RNase, vinavyoikata RNA, vilivyokuwa vimelala ndani ya jani vimeamka. Tupa, anza upya. Kuurudishia naitrojeni hakurudishi kilichokatwa.

Bafa inayofaa ni ya CTAB, aina ya sabuni: CTAB asilimia 2, PVP asilimia 2, Tris ya milimola 100 yenye pH 8, EDTA milimola 25, na chumvi ya sodiamu kloraidi mola 2. Beta-mekaptoethanoli asilimia 2 huongezwa dakika chache kabla ya kutumia, ndani ya kabati la kufyonzea hewa, maana inanuka yai viza na ina sumu. Kila kimoja kina kazi yake. PVP hukamata fenoli kabla hazijakutana na RNA. Beta-mekaptoethanoli huzizuia zisigeuke kahawia, kama bilinganya iliyokatwa ikaachwa mezani, na pia huvunja viungo vya RNase. Chumvi nyingi huziacha sukari ndefu kwenye maji. Anayepunguza PVP kwa sababu imebaki kidogo kwenye chupa atauona ubahili wake chini ya mrija: kidonge cha kahawia kisichoyeyuka.

Pasha bafa hadi nyuzi 65, weka mililita 1 kwa kila miligramu 100 za unga, tikisa kwa nguvu, acha dakika 10 ukitikisa mara kwa mara. Kisha klorofomu na alkoholi ya isoamili, 24 kwa 1, ujazo sawa, zungusha kwenye sentrifyuji, uchukue tabaka la juu. Usilifukuzie lote, acha mikrolita 100 za chini, karibu na utando mweupe. Rudia. Ongeza lithiamu kloraidi ya mola 10, robo ya ujazo ulionao, ulaze usiku kucha kwenye nyuzi 4. Lithiamu huizamisha RNA na kuacha sehemu kubwa ya DNA na sukari zikielea. Anayeharakisha kwa nusu saa hupata mavuno kiduchu. Asubuhi zungusha, osha kwa ethanoli ya asilimia 70, kausha kidogo tu (kidonge kikikauka kabisa hakiyeyuki), kisha tumia DNase kuondoa DNA iliyosalia.

Kipimo cha mwanga unaofyonzwa, kwa nanomita: uwiano wa 260 kwa 280 uwe karibu na 2.0, na wa 260 kwa 230 uzidi 1.8. Wengi huutazama wa kwanza na kuupuuza wa pili. Wa pili ukiwa chini ya 1, umebaki na sukari au fenoli, na vitu hivyo hukizuia kimeng'enya kinachogeuza RNA kuwa cDNA, nakala ya DNA ambayo PCR huisoma. Tatizo ni kwamba havizuii sawasawa kwenye sampuli zote. Jani kuukuu lina fenoli zaidi, linazuiwa zaidi, linatoa cDNA kidogo, nawe unaandika kwamba jeni imeshuka. Kuna jaribio rahisi: punguza makali ya cDNA mara kumi. Namba ya Ct, yaani mzunguko ambao mashine ya PCR inaanza kuiona jeni, inapaswa kupanda kwa mizunguko 3.3 hivi. Ikipanda 2 tu, kuna kizuizi ndani, kwa sababu maji uliyoongeza yamekipunguzia nguvu. Na kwa wale wenye mashine inayotoa alama ya ubora wa RNA, kumbukeni jani la kijani lina RNA ya ribosomu za kloroplasti, mistari ya ziada inayoweza kuishusha alama hata RNA ikiwa nzima. Angalia mchoro wenyewe.

PCR mnaijua, ilituzoesha wakati wa UVIKO-19: jeni ikiwa nyingi, mashine huiona mapema, Ct inakuwa ndogo, kila mzunguko mmoja ni mara mbili. Tuweke namba za mfano. Jani changa: ADS imeonekana mzunguko wa 22.1, jeni ya kulinganishia, tuseme aktini, mzunguko wa 18.0. Tofauti 4.1. Jani kuukuu: ADS 25.3, aktini 18.2. Tofauti 7.1. Toa moja kwa nyingine, unapata mizunguko 3, yaani mara 2 kwa 2 kwa 2: ADS ya jani changa ni mara nane. Hiyo ndiyo njia ya Livak na Schmittgen ya mwaka 2001, na ni rahisi kiasi kwamba watu wanaitumia usingizini.

Lakini nani kasema aktini imetulia? Aktini ni sehemu ya mifupa ya seli, na jani linalokua linaihitaji zaidi kuliko jani lililokomaa. Aktini ikiwa kweli imetofautiana kwa mzunguko mmoja na nusu kati ya majani hayo, ile mara nane yako, kulingana na upande iliyoelemea, kwa kweli ni mara 2.8 au mara 22.6. Sampuli zile zile, pipeti ile ile, mikono ile ile. Kwa hiyo jaribu jeni sita au nane za kulinganishia kwenye sampuli zako mwenyewe, chagua mbili au tatu zilizotulia kuliko zote, tumia wastani wake wa kijiometria. Mwongozo wa MIQE wa mwaka 2009, wa namna ya kuripoti PCR, unadai hivyo, na unadai pia useme ufanisi wa kila praima, kipande cha DNA kinachoianzisha PCR. Andaa ngazi ya miyeyusho mitano, kila mmoja hafifu mara kumi kuliko uliotangulia. Mteremko ukiwa -3.32 ufanisi ni asilimia 100, na kati ya -3.6 na -3.1 unaruhusiwa. Usidhani asilimia 90 na 100 ni jirani. Baada ya mizunguko 25, tofauti hiyo inaipotosha hesabu ya mwanzo mara tatu na nusu.

Usisahau mrija usiotiwa kimeng'enya cha kugeuza RNA. Ukitoa Ct, hiyo ni DNA uliyoshindwa kuiondoa. Ikitofautiana na mrija kamili kwa mizunguko 7 au zaidi, uchafu uko chini ya asilimia 1, endelea. Ikitofautiana kwa 3, rudi kwenye DNase.

Umefika na namba safi. Bado hujapima dawa. ADS huwaka sana kwenye jani changa, ilhali artemisinini yenyewe huendelea kujikusanya kadiri jani linavyokomaa. Mkulima anayevuna siku ambayo RNA iko juu anavuna mapema mno. Pima na artemisinini kwa jani lile lile, na msishangae kigunduzi cha kawaida cha mwanga wa urujuanimno kikionyesha kidogo sana: molekuli hii haifyonzi mwanga huo vya kutosha. Inahitaji kigunduzi cha mtawanyo wa mwanga au cha kupima masi, la sivyo uibadilishe kwanza kwa alkali.

Tuhamie kwa adui. Plasmodium falciparum ndani ya chembe nyekundu huishi mzunguko wa saa 48 hivi, na jeni zake nyingi huwaka mara moja katika mzunguko huo, kila moja kwa zamu yake. Maana yake ni kwamba kimelea cha saa 10 na ndugu yake wa damu wa saa 16 watatofautiana kwa mamia ya jeni ingawa hakuna mmoja aliyeguswa na dawa. Ukichukua wagonjwa wawili, mmoja kapona haraka, mwingine vimelea vimechelewa kutoweka, ukalinganisha RNA zao moja kwa moja, kitu cha kwanza utakachopima ni saa. Lazima ukadirie umri wa vimelea kwa kuvioanisha na kipimo cha saa kwa saa kilichokwisha fanywa maabara, ndipo ulinganishe wa rika moja.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, wa sampuli 1,043 za vimelea kutoka kwa wagonjwa, ulifanya hivyo. Ulikuta vimelea sugu kwa artemisinini vimewasha jeni za kurekebisha protini zilizoharibika, na kwamba katika utoto wao, hatua ya pete, vinakua polepole. Hapo pana fundo ambalo si la kupita haraka: kama kukua polepole ndio usugu wenyewe, basi ukisawazisha umri kupita kiasi unaweza kuufuta ukweli ulioutafuta. Mchambuzi aonyeshe matokeo ya namna zote mbili, yaliyosawazishwa na yasiyosawazishwa, msomaji aone.

Usugu huo unabebwa na mabadiliko ya jeni ya kelch13, yaliyotambuliwa mwaka 2014 kutokana na vimelea vya Kambodia. Kwetu umeshapiga hodi na kuingia: badiliko liitwalo R561H liliripotiwa Rwanda mwaka 2020 na baadaye mkoani Kagera, A675V na C469Y kaskazini mwa Uganda. Kelch13 husaidia kimelea kumeza himoglobini. Protini hiyo ikipungua, kimelea kinameza kidogo, himu, sehemu ya himoglobini yenye chuma, inayotoka kwenye mmeng'enyo inakuwa haba, na artemisinini inahitaji himu hiyo ili iwake. Kimelea kinajinyima chakula kwa saa chache, dawa inapita, kinaamka. Angalieni neno: protini ndiyo inayopungua. Ukitazama RNA peke yake unaweza kutoka mikono mitupu. Kwa ufuatiliaji wa wilaya, msitumie fedha kwenye RNA hata kidogo. Tone la damu kwenye karatasi ya chujio, likauke, litiwe kwenye mfuko na vidonge vya kufyonza unyevu, DNA isomwe kwenye kelch13. RNA iachiwe anayeuliza kimelea kinafanyaje, si anayeuliza kiko wapi.

Damu ya mgonjwa ina tabia zake. Himoglobini hiyo hiyo inatusumbua hapa pia: katika damu nzima RNA ya globini inaweza kufika asilimia 70 ya RNA mjumbe zote, kwa hiyo usipoiondoa unalipia kusoma globini. Halafu kuna idadi ya chembe. Mgonjwa wa malaria kali limfosaiti zake, aina ya chembe nyeupe, hushuka kwenye damu inayozunguka. Ukiona jeni za limfosaiti zimeshuka, je, zimezimwa, au wenye jeni wamepungua? Hesabu kamili ya damu, yenye mgawanyo wa chembe nyeupe, ichukuliwe siku ile ile, mkono ule ule. Ni kipimo cha bei nafuu kuliko vyote tulivyovitaja leo, na ndicho kinachosahaulika kuliko vyote.

Ndugu zangu wa tiba asili, na ninyi mnaowasaidia kupima dawa zao kwenye seli, fungu hili ni lenu. Utaratibu uliozoeleka ni huu: majani yanachemshwa au kulowekwa kwenye ethanoli, unga unaopatikana unayeyushwa kwa DMSO, kiyeyushi cha maabara, unamwagiwa seli za binadamu kwa saa 24, kisha zinapimwa jeni za mwitikio wa kinga (inflamesheni) kama TNF na IL6. Yanayoharibika ni mengi, lakini moja linatisha. Jani limejaa bakteria, na ganda la bakteria wengi lina endotoksini, sumu inayoishtua kinga ya mwili. Monosaiti za binadamu, chembe nyeupe za kinga, hushtuka kwa chini ya nanogramu 1 kwa mililita, zikawasha TNF na IL6 kwa kishindo. Mtafiti anaandika kwamba mmea unaamsha kinga ya mwili, kumbe ni vumbi la shambani. Kuchemsha hakusaidii, endotoksini hustahimili joto, hata otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, haiimalizi. Weka mrija wenye dondoo pamoja na polimiksini B, inayofunga endotoksini. Mwamko ukitoweka, ujue ulikuwa unapima nini. Kipimo cha LAL, cha kutafuta endotoksini, nacho kinaweza kudanganywa na beta-glukani, aina ya sukari ndefu, na dondoo nyingi za mimea zinazo, kwa hiyo chagueni aina ya kipimo isiyozisikiliza.

Kulinganishia kwenye seli kuwe na DMSO kwa kiasi kile kile, isizidi asilimia 0.1. Hai na mfu zihesabiwe kabla ya kutoa RNA, kwa sababu seli inayokufa huzima jeni nyingi na kuwasha za dharura, kama HMOX1, na sumu ya kawaida itaonekana kama tiba. Na kiasi cha dondoo kiulizwe: mikrogramu 200 kwa mililita inapatikana kwenye sahani ya plastiki, kwenye damu ya mtu aliyekunywa kikombe, haipatikani.

Kwa hesabu ya kikombe hicho: gramu 5 za majani makavu yenye artemisinini asilimia 1, ambayo ni mbegu nzuri, zina miligramu 50 kwa jumla, hata kama maji ya moto yangetoa yote, nayo hayatoi. Vidonge vya artemisinini vilipotumika peke yake, dozi ya mtu mzima ilihesabiwa kwa mamia ya miligramu kwa siku, na bado wengi waliugua tena. Shirika la Afya Duniani lilitaka dawa za artemisinini peke yake ziachwe mwaka 2006, na mwaka 2019 likasema wazi haliungi mkono majani ya artemisia kwa namna yoyote kuzuia wala kutibu malaria. Jeni moja kuwaka kwenye sahani haibadilishi hesabu hiyo. Na dozi pungufu kwenye eneo ambalo R561H imeshafika ni kuwapalilia vimelea sugu.

Kuhusu kusoma RNA zote kwa pamoja, tutapita haraka, maana mashine zinafanya kazi na programu zipo bure. Mambo mawili tu. Ukipima jeni 20,000 kwa kigezo cha 0.05, yaani kukubali kosa la bahati mara tano katika mia, utapata jeni 1,000 zilizobadilika hata kama hakuna kilichobadilika. Tumia masahihisho ya Benjamini na Hochberg, yanayodhibiti matokeo ya bahati, na useme umetumia. Na usitoe RNA ya wagonjwa wote Jumatatu na ya wazima wote Alhamisi. Hakuna mtakwimu atakayeweza kutenganisha ugonjwa na siku. Miche au watu watatu kila upande ndio uchache wa kuona aibu. Sita ni heshima. Mirija mitatu kutoka mche mmoja ni mche mmoja.

Baada ya chai tunaingia maabara kwa vitendo. Makundi manne, kila kundi kinu kimoja na miche miwili. Jani la tatu kutoka kileleni na la kumi. Naitrojeni ipo lita 10 tu, kwa hiyo msiimwage kwa kuufurahia moshi wake. Viatu vya kufunika, miwani, madirisha yote wazi, maana ikijaa chumbani huifukuza oksijeni bila harufu ya kuwaonya. Kalamu za wino ziacheni kwenye mikoba, ethanoli inafuta. Penseli ziko kwenye kopo karibu na mlango. Maswali yaanze sasa wakati chai inamiminwa.